Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum Anahitaji Saa Zetu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika na wageni wafadhili, Mugeta, Wilaya ya Bunda

 

Kwa niaba ya ofisi ya miradi ya Dayosisi, tunatoa shukrani za dhati kwa kuitikia wito huu. Tunajua mmeacha palizi, na tunajua kuwa baadhi yenu mmekesha shambani mkiwafukuza tembo. Kuja hapa ni kutoa saa zenu, na leo saa ndizo mada yetu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya maisha ya kila siku ya familia inayolea mtoto mdogo mwenye mahitaji maalum. Mara nyingi mada hii huanza na takwimu. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, yaani mtoto mmoja katika kila watoto 10. Takwimu hiyo inawasaidia wanaopanga bajeti. Haituambii mama anaamka saa ngapi, nani anachota maji wakati yeye anamlisha mtoto, na kwa nini dada yake mtoto hakwenda shule Jumatatu.

Katika ziara zetu za nyumbani tumeona jambo moja likijirudia. Familia hizi zina upungufu wa vitu vingi, lakini kitu kinachokwisha mapema kuliko vyote ni muda. Na muda ni kitu ambacho usharika unaweza kutoa hata mwaka ambao mavuno hayakuwa mazuri. Hilo ndilo tunalotaka mlipime leo kabla hamjapanga mpango wa diakonia wa mwaka ujao.

Tunamzungumzia mtoto gani?

Mahitaji maalum ni ya aina nyingi. Wapo watoto wasioona, wasiosikia, wenye usonji, wenye mgongo wazi, wenye kichwa kikubwa, wenye ulemavu wa akili. Leo tutamzungumzia zaidi mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa sababu malezi yake ndiyo yanayochukua saa nyingi zaidi za siku.

Mtindio wa ubongo hutokea ubongo wa mtoto unapoumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Mtoto aliyechelewa kulia kwa sababu alikosa hewa wakati wa uzazi anaweza kuupata. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtoto aliyepata manjano kali bila kutibiwa, na mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, wote wako katika hatari hiyo. Sehemu iliyoumia ni ile inayoongoza misuli, ndiyo maana mwili hukakamaa au hulegea, shingo haisimami, mikono haishiki, na kumeza huwa kugumu. Wengi wao pia wana kifafa. Jeraha hilo la ubongo haliendelei kukua, wala haliponi. Kinachobadilika ni yale mtoto anayojifunza kufanya, na hayo hutegemea anavyolelewa kila siku.

Tunaomba wajumbe wazishike dalili za mapema, kwa sababu ninyi ndio mnaoingia katika nyumba za watu. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo yake bado haijakaza, mtoto wa miezi tisa asiyeweza kukaa, mtoto ambaye miguu yake hukazana na kupishana kama mkasi anapoinuliwa, au mtoto mchanga anayetumia mkono mmoja tu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda naye awahishwe katika wiki za mwanzo, kwa kuwa nyayo hizo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa hatua kwa hatua, na wengi hutembea vizuri.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na uchawi, laana ya ukoo, wala mama kuvunja mwiko. Wanafunzi wa Yesu walipomkuta mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Injili ya Yohana, sura ya 9, inatuambia Bwana alilikataa swali lenyewe. Hata hivyo swali hilo bado linaulizwa kisimani, sokoni, na wakati mwingine kwenye benchi la kanisa. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Tumesikia watu wakiliruka jina la mtoto mwenye ulemavu, wakamwita mama kwa jina la mdogo wake. Mama analisikia jambo hilo kila siku, nasi tunaweza kulimaliza bila kuomba hata shilingi moja kwa mfadhili.

Siku moja katika kaya

Tuchukue kaya moja ya kawaida katika ukanda huu, yenye mtoto wa miaka minne asiyeweza kukaa bila kushikwa. Hatutataja jina wala kitongoji. Siku ya kaya hiyo inafanana na ya kaya nyingi.

Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuwasha moto anamgeuza mtoto, kwa sababu mtoto asiyejigeuza hupata vidonda. Anamwosha, anafua nguo na vitambaa vilivyolowa usiku, na maji ya kufulia ni yale aliyoyabeba kichwani jana jioni. Saa moja anaanza kumlisha uji. Mtoto mwenye shida ya kumeza hali haraka. Ni kijiko kimoja, kungoja, kikohozi, kufuta mdomo, kisha kijiko kingine. Kikombe kimoja cha uji kinaweza kuchukua dakika 45, pengine saa nzima. Wakati huo jirani yake amekwisha kupalilia matuta kadhaa.

Saa tatu mama anaelekea shambani na mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka minne, hata akiwa mwembamba, ni mzito kuliko ndoo ya maji ya lita kumi, na mwili wake hukakamaa ghafla wakati mama ameinama na jembe. Basi humlaza chini ya mti juu ya kanga, humpalilia karibu, na kila baada ya muda mfupi huenda kumfukuzia siafu na kumgeuza. Saa sita jua likiwa kali wanarudi nyumbani. Kuna chakula cha mchana cha watu wote, na kuna mlo wa mtoto, saa nyingine nzima. Jioni kuna maji, kuni, chakula, mlo wa mtoto tena, na mazoezi ya viungo aliyofundishwa hospitalini. Usiku kifafa kikija, mama halali.

Tukijumlisha, kumlisha mtoto huyo milo mitatu na uji wa jioni ni saa tatu hadi nne. Kumwosha na kufua ni saa moja hadi mbili. Mazoezi ya asubuhi na jioni ni saa moja. Hizo ni saa tano hadi saba, na mama huyo bado hajachota maji, hajakata kuni, hajalima, wala hajawapikia wengine.

Saa hizo lazima zitoke mahali. Kwanza hutoka shambani: eneo linalolimwa linapungua, palizi inachelewa, na mavuno yanakuwa madogo kuliko ya majirani wenye ardhi ile ile. Kisha hutoka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mama akikosa vikao viwili vitatu, wenzake humwona si mwaminifu, na mkopo humpita. Halafu hutoka kwaya na ibada. Mwishowe hutoka shule, kwa dada yake mtoto mwenye umri wa miaka tisa au kumi, anayebaki nyumbani siku ya soko na siku ya palizi. Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Lakini kufutwa kwa ada hakumsaidii binti ambaye kikwazo chake ni mdogo wake asiye na wa kumshika.

Baba, bibi na ndugu

Tungependa kusema kwa upole lakini kwa uwazi juu ya akina baba. Wapo baba waliokwenda kwenye machimbo ya dhahabu au kwenye mialo ya ziwa kutafuta fedha ya matibabu, na wanazituma. Wapo waliokwenda wasirudi. Wapo waliobaki nyumbani lakini huamini kuwa kumlisha na kumwosha mtoto huyo ni kazi ya kike, hata pale ambapo mtoto amekuwa mzito kiasi kwamba mgongo wa mama umeanza kuuma. Na wapo waliosukumwa na ndugu zao, kwa maneno kuwa ugonjwa umetoka ukoo wa mke, na kwamba aoe mwingine.

Vilevile wapo akina baba ambao wamekuwa mfano kwetu. Baba mmoja katika eneo letu alichimbia miti miwili uani, akaipigilia fito mbili zinazokwenda sambamba kwa kimo cha mkono wa mtoto. Kila jioni akitoka kuchunga, humsimamisha mtoto katikati ya fito hizo. Kazi hiyo haikugharimu fedha. Ilimchukua asubuhi moja, na tangu hapo mazoezi ya jioni ni zamu ya baba. Mama amepata nusu saa ya kupika akiwa mikono mitupu. Tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wawaalike akina baba wa namna hiyo wazungumze na wenzao. Baba humsikiliza baba.

Bibi naye ni nguzo. Mara nyingi ndiye pekee ambaye mama humwachia mtoto bila hofu. Lakini bibi mwenye miaka 70 hawezi kumwinua mtoto wa miaka saba, na hapo ndipo familia iliyojitahidi miaka yote huanza kumfungia mtoto ndani. Jirani akiona mlango umefungwa husema familia haina upendo. Tukiingia ndani tunakuta watu waliochoka.

Mambo madogo yanayorudisha saa

Namna ya kulea inaweza kupunguza saa, na inaweza kuokoa maisha.

Kwanza, ulishaji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimerudi nyuma, kwani chakula huingia kwenye mapafu na kuleta kichomi. Aketi wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, na anayemlisha akae mbele yake usawa wa macho. Uji uwe mzito kiasi cha kutotiririka haraka, kijiko kiwe kidogo, na chakula kiwekwe katikati ya ulimi. Uji wa mtama au wa mahindi uongezwe karanga zilizosagwa, dagaa waliopondwa au mafuta, ili kikombe hicho kimoja cha dakika 45 kimpe nguvu ya kutosha.

Pili, mahali pa kukaa. Mtoto aliyeegemezwa vizuri hushika kichwa chake, huona watu, na mikono ya mama hubaki huru. Fundi seremala wa kijiji anaweza kutengeneza kiti cha pembe chenye mgongo, ubavu mbili, kigingi laini katikati ya miguu na meza ndogo mbele. Kipo pia kiti cha maboksi: makaratasi magumu hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, hukandamizwa, hukaushwa juani, kisha hupakwa rangi ya mafuta ili maji yasiingie. Kiti hicho hubeba mtoto vizuri, na akikua hutengenezwa kingine.

Tatu, dawa za kifafa. Dawa hizi huliwa kila siku kwa saa ile ile, hata kama degedege halijaonekana kwa miezi. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mtoto akianguka alazwe ubavu, nguo ya shingoni ilegezwe, na mtu yeyote asimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, ni safari ya hospitali. Kwa hiyo nauli ya kufuata dawa mwisho wa mwezi ni fungu muhimu kuliko zawadi nyingi, ijapokuwa haipendezi kupigwa picha.

Nne, mazoezi yaingizwe ndani ya kazi. Kumnyoosha miguu wakati wa kumwogesha, kumfungua viganja wakati wa kumvika, kumlaza kifudifudi juu ya mapaja wakati mama anachambua mboga: hayo ni mazoezi. Mtaalamu anaonyesha namna mara moja, na familia inafanya bila kutenga saa ya pekee.

Neno kwa wafadhili juu ya vifaa

Wageni wetu wapendwa, tunathamini sana kila kifaa mlichotuletea. Kwa heshima hiyo hiyo tunaomba tuseme jambo kuhusu kiti mwendo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likieleza kuwa kiti mwendo lazima kilingane na mwili wa mtumiaji na mazingira anayoishi, na kwamba mtumiaji apimwe na afuatiliwe. Kiti cha mtu mzima akikalishwa mtoto wa miaka mitano, mtoto huteleza, mgongo hupinda, na mapaja hupata vidonda. Magurudumu membamba ya kwenye sakafu ya hospitali hukwama katika mchanga na mawe ya njia zetu. Tairi likipasuka na hakuna la ukubwa huo Bunda wala Musoma, kiti kinageuka kuwa mahali pa kuku kutagia.

Kwa hiyo tunawaomba mfikirie kugharimia vitu vinne visivyoonekana sana: mafunzo ya mafundi seremala wa hapa hapa; nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuja vijijini kwa ratiba inayojulikana; nauli ya mama na mtoto wanapopewa rufaa, kwani kutoka Bunda hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilomita 100; na posho ndogo ya wahudumu wanaotembelea kaya. Kiti mwendo kitakuja baada ya mtoto kupimwa, na kitakuja kikiwa chake.

Tunaomba pia tukubaliane juu ya picha. Mtoto apigwe picha akiwa amevaa, ameketi, na wazazi wake wameridhia. Picha ya mtoto akitambaa kwenye vumbi inaweza kuleta mchango, lakini miaka kumi baadaye mtoto huyo atajiona.

Wenzetu walivyofanya

Hatuanzi peke yetu. Katika Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina Shule ya Irente Rainbow huko Lushoto, iliyoanza mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Moshi, Dayosisi ya Kaskazini ilishirikiana na shirika la Mosaic la Marekani kuanzisha vituo vya kutwa kwa watoto wa namna hii. Mtoto anapokuwa kituoni mchana, anajifunza, na mama anapata saa za kufanya biashara yake. Mkoani kwetu, Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma, aliyosoma Mwalimu Nyerere, imepokea wanafunzi wasioona na kuwafundisha pamoja na wenzao.

Lushoto na Moshi ni mbali, na kituo cha kutwa kinahitaji jengo, walimu na gari. Hatusemi tusubiri hadi tuvipate. Tunachojifunza kwao ni kuwa msaada unaodumu ni ule unaoingia katika mpangilio wa siku ya familia. Hilo linaweza kuanza na jumuiya yenye nyumba kumi.

Serikali nayo imeweka msingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka ule ule Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto inayokataza ubaguzi dhidi ya mtoto kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayotaka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tunawaomba wajumbe mkitoka hapa mwulizeni mtendaji wa kijiji kama kamati hiyo imeundwa na inakutana. Ikiwa haijaundwa, jengeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kanisa halichukui nafasi ya Serikali. Linakwenda mkono kwa mkono nayo.

Tunachoomba kwa kila kamati

Marko katika sura ya 2 anasimulia juu ya mtu aliyepooza, aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne, wakatoboa paa kwa sababu mlango ulikuwa umejaa. Mara nyingi tunahubiri juu ya imani yao. Leo tutazame idadi yao. Walikuwa wanne kwa mtu mmoja. Mtu mmoja asingeweza kulibeba lile godoro hadi darini. Mama peke yake naye hawezi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, na tunaomba kila kamati iyajadili na kuyatolea uamuzi kabla ya robo ijayo ya mwaka.

1. Kila jumuiya iwatambue watoto wenye mahitaji maalum katika eneo lake, wawe Walutheri au wa madhehebu na dini nyingine. Orodha itunzwe na mtu mmoja anayeaminika, isisomwe kanisani.

2. Kwa kila mtoto wapatikane watu wanne watakaosaidia kwa zamu, nusu siku kila mmoja, mara moja kwa wiki. Wachaguliwe kwa kukubaliwa na mama mwenyewe. Waende wawili wawili, mwingine akimsaidia mwenzake, na asiachwe mtu mmoja peke yake na mtoto. Ulinzi wa mtoto ni sharti, haujadiliwi.

3. Watu hao wafundishwe kwanza na mama, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa mtoto wake, kisha na mhudumu wa afya. Zamu inaweza kuwa kulisha, kuchota maji, kupalilia, au kukaa na mtoto wakati mama amekwenda kwenye kikundi. Mama ndiye achague.

4. Kamati itenge fungu dogo la nauli ya dawa na kliniki kutoka katika sadaka ya diakonia. Fungu liwe na daftari, na risiti zitunzwe.

5. Kanisani pawe na mkeka na kiti cha pembe mahali pa mbele, na ngazi ya mlango iwekewe mteremko wa udongo au saruji. Shule ya Jumapili impokee mtoto hata kama haimbi. Watoto wenzake watamzoea haraka kuliko sisi.

6. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo chini ya sharika viweke utaratibu wa mama hao kutuma hisa zao kwa mwenzao siku wasipoweza kufika, bila kutozwa faini.

Ndugu wapendwa, tunafahamu kuwa pendekezo la pili ni zito. Watu wanne kwa mtoto mmoja, kila wiki, mwaka mzima, ni jambo gumu kuliko kuchanga fedha siku moja. Wapo watakaoanza kwa bidii na kuchoka wakati wa mavuno. Ndiyo maana tunashauri kila kamati ianze na mtoto mmoja tu, iimarishe zamu kwa miezi mitatu, ndipo iongeze wa pili. Ahadi isiyotekelezwa humuumiza mama kuliko kutoahidiwa kabisa, kwa sababu siku ile atakuwa amepanga kazi akiwategemea.

Tunafahamu pia kuwa kuna swali ambalo baadhi ya wajumbe wanalo moyoni, nalo ni hili: tutumie nguvu hizi zote kwa mtoto ambaye huenda hatatembea wala kusema, wakati kuna watoto wazima wanaokosa madaftari? Tunalijibu hivi. Mtoto huyu ni wa Mungu kama wale wengine, na hilo lingetosha. Lakini tazameni pia kaya nzima. Mama akipata saa sita za juma, shamba linapaliliwa kwa wakati, kikundi hakimkosi, na dada anarudi darasani. Daftari la dada huyo limo ndani ya saa mlizotoa. Anayemsaidia mtoto huyu anaisaidia nyumba yote.

Katika taarifa za robo mwaka mmezoea kutuandikia idadi ya vitu vilivyogawiwa. Kuanzia sasa fomu ya taarifa ya diakonia itakuwa na safu moja mpya: idadi ya saa ambazo usharika umekaa na familia. Fomu hizo ziko kwa katibu wa mkutano, na kila mwenyekiti wa kamati achukue moja kabla hajaondoka. Andikeni saa halisi, hata zikiwa tatu tu.

Tunawashukuru wafadhili wetu kwa kutembea nasi, tunawashukuru wajumbe kwa usikivu wenu, na zaidi tunawashukuru akina mama na akina baba mliokuja na watoto, mkaketi nasi tangu asubuhi. Chakula kiko tayari. Tunaomba wajumbe wawatangulize wazazi hao, na atakayeweza aombe kumshika mtoto ili mama ale kikiwa bado cha moto.